Pumzi haingoji mtandao

Mabibi na mabwana, ndugu zetu mnaoishi na tatizo la kukosa pumzi, na ninyi mnaowauguza,

Tuanze na viti mlivyokalia. Sogeeni mbele kidogo mpaka mgongo uachane na egemeo. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu, magoti yaachane kwa upana wa mabega. Sasa inameni, viwiko vitue juu ya mapaja karibu na magoti, viganja vining'inie bila kushika kitu. Shusheni mabega. Msivute hewa kwa nguvu. Iacheni iingie inavyotaka. Tukae hivyo kwa pumzi kumi.

Mkao huu una sababu zake. Mikono ikishapata pa kuegemea, misuli ya shingo na kifua inapumzika kubeba mabega na kubaki na kazi moja ya kuinua mbavu. Tumbo nalo, kwa kule kuinama, linasukuma juu kiwambo, yaani msuli mpana wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Kwa mtu ambaye mapafu yake yamejaa hewa iliyonasa, kiwambo huwa kimebapa, na msuli uliokwisha kufupika hauna tena pa kuvutia. Mpira wa manati usiponyooshwa haurushi jiwe. Kuinama kunaurudishia msuli huo urefu wake.

Hamkuhitaji simu, bando wala nywila kufanya hivyo. Na hilo ndilo tulilokuja kusema leo kuhusu msaada wa mtandaoni wa kujisimamia, yaani programu za simu zinazomfundisha mtu kuikabili hali yake mwenyewe: programu nzuri hupimwa kwa kile anachoweza kukifanya mtu wakati simu yake iko chumba kingine. Pumzi ikikubana katikati ya ngazi, huna mkono wa kutafutia video.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walipendekeza hali hii ipewe jina lake na maana yake: ni kukosa pumzi kunakoendelea ingawa ugonjwa ulio chini yake umeshatibiwa kadiri inavyowezekana, na kunakomletea mtu ulemavu katika shughuli zake. Ugonjwa wenyewe unaweza kuwa COPD, yaani ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, au moyo uliodhoofika, makovu ya mapafu, saratani, au mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu cha zamani. Maneno ya katikati ndiyo yanayosahaulika: ingawa umeshatibiwa. Mtu mwenye upungufu wa damu ambao haujapimwa, au anayevuta dawa ya pampu kwa namna ambayo nusu yake inaishia kooni, hahitaji mafunzo ya kupumua kabla ya hayo kurekebishwa.

Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa programu ya namna hii sharti uwe lango. Kukosa pumzi kulikoanza ghafla, au kulikozidi ndani ya saa au siku chache. Maumivu ya kifua. Midomo kugeuka bluu au kijivu. Kwa ngozi nyeusi tazama ulimi na ndani ya mdomo. Kuchanganyikiwa. Kushindwa kumaliza sentensi ukiwa umekaa. Kukohoa damu. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kwa mwenye moyo dhaifu, uzito kupanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3. Lolote kati ya haya, safari ni ya hospitali, na skrini inapaswa kusema hivyo kwa herufi kubwa kisha inyamaze. Zipo programu zinazoficha orodha hii chini ya masharti ya matumizi, mahali ambapo hakuna anayesoma. Nyingine zinaendelea kumuuliza mtu maswali kumi na mawili wakati anatweta.

Kuna kipimo kimoja cha nyumbani tunachokithamini kuliko grafu nyingi. Chagua shughuli moja ya kila siku, tuseme ngazi zile zile au njia ile ile. Kwa siku 3 za kawaida, andika ni dakika ngapi zinapita tangu usimame mpaka uweze kuongea sentensi nzima bila kukatisha. Hiyo ndiyo kawaida yako. Kama ni dakika 4, na leo zimepita 15 bado unahema, usifanye mazoezi, na huenda ni siku ya kumpigia mhudumu wako.

Sasa tuingie kwenye mafunzo yenyewe. Huduma ya kukosa pumzi ya Cambridge, Uingereza, iliyapanga katika mizunguko mitatu: kupumua, kuwaza na kutenda. Mtu anapumua haraka na juu juu, misuli inachoka, pumzi inazidi kubana. Anawaza kwamba anakufa, hofu inaharakisha pumzi. Anaacha kutembea ili asihisi hali hiyo, miguu inadhoofika, na miguu dhaifu hudai hewa nyingi kwa kazi ndogo. Kila mzunguko unajilisha wenyewe na unalisha wenzake. Habari njema ni kwamba ukikata mmoja, mingine nayo hulegea, na mtu anaweza kuanza na ule anaoumudu.

Katika kupumua, kosa kubwa ni kuvuta. Anayekosa pumzi anahisi hewa haijaingia, kwa hiyo anavuta, kisha anavuta tena juu ya ile ya kwanza. Kwa mwenye njia za hewa zilizobana, kikwazo kikubwa ni kutoka. Ni kama basi ambalo abiria wanaparamia kabla wa ndani hawajashuka. Fanyeni hesabu: ukipumua mara 30 kwa dakika, kila pumzi ina sekunde 2 tu za kuingia na kutoka. Ukishuka hadi mara 15, unapata sekunde 4, na karibu nyongeza yote unaweza kuipa kutoka. Hewa iliyonasa inapungua, kiwambo kinapanda, na pumzi inayofuata inapata nafasi.

Kwa hiyo tunafundisha hivi. Ingiza hewa kwa pua ukihesabu 2, pumzi ya kawaida. Bana midomo kama mtu anayetaka kuyumbisha mwali wa mshumaa bila kuuzima, kisha toa ukihesabu 4. Tumbo lisikakamae; hewa itoke kama inavyovuja, bila kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Kama 2 na 4 ni nyingi, anza na 1 na 2. Ukisikia kizunguzungu au ganzi vidoleni, unapumua kwa kina mno au kwa kasi mno: acha, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida. Na wenye makovu ya mapafu wasilazimishwe. Mapafu magumu hupumua haraka kwa sababu ndiyo njia rahisi kwao, na kutoa hewa kwa muda mrefu huenda kukawatesa bure. Feni na mwendo wa kupimwa vitawafaa zaidi.

Asiyependa kuhesabu atazame mstatili wowote, dirisha au mlango. Macho yapite upande mfupi anapoingiza, upande mrefu anapotoa. Hata simu iliyozimika inafaa hapa. Pengine ndiyo matumizi yake bora.

Ngazi tuzipe nafasi, maana hapo ndipo wengi hushindwa. Simama chini kabisa, mkono kwenye reli, usubiri mpaka pumzi itulie. Ingiza hewa ukiwa umesimama. Toa hewa kwa midomo iliyobana huku ukipanda kidato kimoja au viwili. Simama. Ingiza. Toa na upande. Kosa la kwanza ni kukimbilia juu ili yaishe. Unafika, lakini unalipa dakika kumi za kuhema. La pili ni kubana pumzi wakati wa kujitutumua bila hata kujua kwamba umeibana. Kanuni ni ile ile unapoinua ndoo, unapoinama kufunga viatu, unapoinuka kitandani: toa hewa wakati wa kazi ngumu.

Kuhusu feni ndogo ya mkononi, wapo wanaoidharau kwa kuwa ni ya bei ndogo. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge walichapisha jaribio la watu 50, feni ikielekezwa usoni kwa dakika 5 na mguuni kwa dakika 5. Uso ulileta nafuu iliyopimika, mguu haukuleta. Upepo wa baridi kwenye pua, mashavu na mdomo wa juu huamsha neva inayobeba hisia za uso, na ubongo unaisoma ishara hiyo kama hewa inayopita. Ishike sentimita 15 hivi kutoka usoni, ielekee katikati, pua na mdomo wa juu, uizungushe polepole kushoto na kulia. Ipe mpaka dakika 5. Inashindwa kwa sababu za kawaida: betri imekufa, iko kwenye droo, imeshikwa mbali mno, au upepo unaingia machoni mpaka yanatoa machozi. Betri za akiba zikae pamoja nayo. Ikikosekana kabisa, kitambaa chenye maji baridi juu ya pua na mashavu kinafanya sehemu ya kazi hiyo.

Kwenye kuwaza hatutakaa sana, ingawa si jambo dogo. Wakati wa shida, akili haisomi makala. Inasoma kadi. Andika ukiwa umetulia, kwa maneno yako mwenyewe, mistari isiyozidi minne. Kwa mfano: "Hii imenipata kabla na ilipita. Kaa, inama, viwiko juu ya mapaja. Feni. Toa, toa, toa." Ibandike pale hali inapokupata, yaani juu ya ngazi, bafuni, kando ya kitanda. Programu inaweza kukuongoza kuiandika na kukupa ya kuchapisha, lakini kadi inayobaki ndani ya programu ni nusu kadi.

Ninyi mnaouguza, neno "tulia" halijawahi kumtuliza mtu. Keti karibu, usimzingire, legeza mabega yako mwenyewe, na toa pumzi zako ndefu zisikike ili azifuate. Usimuulize maswali ya kujibiwa kwa sentensi. Mwombe ainue kidole kwa ndiyo.

Kutenda kunahitaji kipimo, na kipimo chetu ni cha Borg, kuanzia 0 hadi 10. Sifuri ni kutokuwa na tabu ya pumzi hata kidogo, 10 ni kiwango cha juu kabisa unachoweza kukiwaza. Mazoezi yanayojenga hufanyika kwenye 3 hadi 4, pale unapohema lakini bado unaweza kusema maneno machache. Chini ya 2, miguu haijifunzi kitu. Ukipita 5, punguza mwendo. Kuhema kwenye zoezi hakuharibu mapafu, na hili lisemwe mara nyingi kuliko linavyosemwa, maana hofu hiyo imewalaza vitandani watu ambao wangeweza kutembea.

Mfano wa zoezi la nyumbani: kiti imara kisicho na magurudumu, urefu wa sentimita 45 hivi, mgongo wake ukiegemea ukuta. Inuka huku ukitoa hewa, keti huku ukiingiza. Siku ya kwanza hesabu umeinuka mara ngapi ndani ya dakika 1. Kama ni 10, zoezi lako la kuanzia ni 5, mara mbili kwa siku, siku 5 za wiki. Ongeza 1 au 2 kila wiki ikiwa Borg haijapita 4. Mwenye maumivu ya kifua, anayeanguka anguka, au aliyetoka kulazwa karibuni aulize mhudumu wake kwanza.

Na jihadharini na siku njema. Mtu akiamka na nafuu hufua, hufagia, huenda sokoni, kisha hulala siku mbili. Akizihesabu hizo siku tatu kwa pamoja, amefanya kidogo kuliko angegawanya. Fanya robo tatu ya unachodhani unaweza, uketi kabla hujalazimika kuketi. Oga ukiwa umekaa, vaa joho la taulo badala ya kujifuta kwa nguvu, na vitu vya kila siku viwe kati ya kiuno na bega, kwa sababu mikono ikiinuliwa juu ya kichwa misuli ya kifua inaacha kusaidia pumzi.

Mtandao unaingia wapi? Unaingia kwenye kufundisha, kukumbusha na kuunganisha. Vikundi vya Uingereza vimejenga zana za aina hii: SELF-BREATHE ya King's College London imetengenezwa mahsusi kwa kukosa pumzi, na SPACE for COPD ya Leicester ilianza kama kitabu cha karatasi kabla ya kupata tovuti yake. Mpangilio huo wa pili unatupendeza. Kitu ambacho hakifanyi kazi kwenye karatasi hakitaokolewa na skrini.

Wanaojenga programu waanze na uzito. Sauti ya dakika 3 iliyobanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde haifiki megabaiti 1. Video ya muda huo huo kwa kilobiti 1,500 kwa sekunde inakaribia megabaiti 34. Kuhesabu pumzi hakuhitaji picha. Kuinuka kwenye kiti kunahitaji picha mara moja au mbili tu. Kwa hiyo sauti zipakuliwe mara moja na zifunguke bila mtandao, video ziwe fupi, na kila moja ifundishe jambo moja. Sauti inayohesabu iwe na kasi tatu za kuchagua, maana sauti ya mtu mwenye mapafu mazima akihesabu polepole humfanya mgonjwa ahisi ameshindwa kuanzia pumzi ya kwanza.

Nywila ndiyo mlango wa kwanza kumfungia mtu nje. Mwacheni abaki ndani ya programu kwenye simu yake, na kurasa za dharura na za kupumua zifunguke bila kuingia kabisa. Kinachohitaji ulinzi ni kumbukumbu zake za afya. Hizo zifungwe, na aambiwe kwa lugha nyepesi nani anaziona: daktari wake, familia, au hakuna.

Kisha kuwe na binadamu. Simu moja ya dakika 20 mwanzoni, nyingine siku ya tatu au ya nne wakati ari inaposhuka, kisha moja kila wiki. Hata ujumbe mfupi unatosha, ila uangalieni. "Hongera! Umekamilisha asilimia 20 ya malengo yako" ni ujumbe wa mashine, na mzee anaufuta. Linganisheni na huu: "Shikamoo mzee. Juzi ulisema kidato cha tano ndicho kinakushinda. Jana ulisimama cha ngapi?" Huu anaujibu, na jibu lake linamwambia mhudumu kama zoezi limefanyika au limetazamwa tu. Kutazama video kumi bila kufanya pumzi kumi ndiyo njia ya kawaida ya programu hizi kushindwa, na takwimu za matumizi huihesabu kama mafanikio.

Mkitumia simu ya video kukagua zoezi, weka simu mita 2 hivi kutoka kwenye kiti, upande wa ubavuni, urefu wa kiuno. Kwa mbele, mhudumu haoni kama mgongo umeinama wala kama pumzi imebanwa wakati wa kuinuka. Mtu wa nyumbani awepo mara ya kwanza.

Neno moja kuhusu kipima oksijeni cha kidoleni. Hakipimi kukosa pumzi. Kinakadiria oksijeni iliyo kwenye damu kwa asilimia. Mtu anaweza kuwa na asilimia 97 na bado anateseka, na mateso yake ni ya kweli. Vidole baridi na rangi ya kucha hukipotosha, na kwa ngozi nyeusi huweza kuonyesha namba iliyo juu kuliko hali halisi. Kwa baadhi ya wenye COPD daktari huweka lengo la 88 hadi 92, hivyo 91 inayomtia jirani hofu ndiyo inayotakiwa kwao. Na oksijeni yenyewe, jaribio la watu 239 lililochapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la Lancet lilionyesha kwamba kwa wasio na upungufu mkubwa wa oksijeni kwenye damu, oksijeni puani haikuwapa nafuu zaidi ya hewa ya kawaida iliyopitishwa kwenye mrija ule ule. Kipima kitumike pale mlipokubaliana na mhudumu, kisha kirudi kabatini. Kupima kila nusu saa ni mzunguko wa kuwaza uliovaa nguo ya kitaalamu.

Mwisho wa wiki za mafunzo, programu iache karatasi moja: kawaida yako ya dakika za kurudisha pumzi, idadi yako ya kuinuka kwenye kiti, kadi yako, na dalili za kwenda hospitali. Ukipata homa ya kifua, mazoezi yasimame mpaka utulie, kisha anza na nusu ya idadi iliyoandikwa pale. Wanaoanza na idadi yote hukata tamaa siku ya pili, wanaosubiri mpaka wapone kabisa hukuta miguu imeshadhoofika.

Tunapokea maswali. Ambaye kuongea kunamchosha, kuna karatasi na kalamu mwisho wa kila safu. Andika, tutasoma swali lako kwa sauti.